Karl Landsteiner, Mtu Aliyetufundisha Kuwa Damu Si Moja



Muhula uliopita gari la kukusanya damu lilipofika chuoni kwetu, nilipanga foleni pamoja na wenzangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, na sitaficha kwamba magoti yalikuwa yananicheza. Dada aliyevaa koti jeupe alinichoma kidoleni, akadondosha matone ya damu yangu juu ya kigae cheupe, akaongeza dawa ya bluu kwenye tone moja na ya njano kwenye tone la pili, kisha akakitikisa kigae taratibu. Tone la kwanza likakatika vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. La pili likabaki laini vilevile. Akaandika herufi A kwenye kadi yangu na kumwita anayefuata. Shughuli nzima haikufika dakika tatu.

Nyuma yangu kulikuwa na ndugu wa mwaka wa kwanza ambaye alikuwa na swali zito zaidi. Alitaka kujua kama damu yake ikiingia mwilini mwa mtu, je, dada wa mtu huyo anakuwa haramu kwake kumuoa, kama ilivyo kwa walionyonya ziwa moja? Foleni nzima ilicheka, lakini swali lake lina maana, na nitalirudia. Kwanza nataka kusimulia habari za mtu aliyeifanya ile kazi ya dakika tatu iwezekane. Sisi wa masomo ya dini hatumsikii darasani, na wenzetu wa udaktari wanamsikia kwa mstari mmoja tu.

Karl Landsteiner alizaliwa tarehe 14 Juni 1868, Baden, mji mdogo karibu na Vienna, Austria. Baba yake, Leopold, alikuwa mwandishi wa habari na mhariri mashuhuri wa magazeti, na alifariki mtoto akiwa na miaka sita tu. Akabaki yatima mikononi mwa mama yake, Fanny. Mapenzi ya Karl kwa mama yake yalikuwa ya ajabu. Mama alipofariki mwaka 1908, alitengeneza sanamu ya uso wake kama ulivyokuwa baada ya kifo, na sanamu hiyo ilining'inia ukutani katika chumba chake cha kulala mpaka naye alipoondoka duniani. Sisi tuna desturi nyingine ya kuwakumbuka wazazi, lakini ukitaka kumjua mtu huyu mkimya, ni bora uanze hapo.

Familia ilikuwa ya Kiyahudi. Mwaka 1890 yeye na mama yake walibatizwa wakawa Wakatoliki, na mwaka uliofuata akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna. Akiwa bado mwanafunzi alikuwa ameshachapisha makala kuhusu namna chakula kinavyobadilisha madini yaliyomo katika damu. Daktari kijana wa wakati ule angefungua zahanati, apate wagonjwa wenye fedha, aoe. Landsteiner hakufanya hivyo. Alirudi kusoma, safari hii kemia, miaka mitano katika maabara za Würzburg, Munich na Zurich. Huko Würzburg mwalimu wake alikuwa Emil Fischer, mmoja wa wanakemia wakubwa wa zama zile. Miaka hiyo mitano ndiyo iliyomtenga na madaktari wengine, kwani maisha yake yote aliitazama damu kwa jicho la mkemia.

Aliporudi Vienna alifanya kazi kwa muda katika taasisi ya afya chini ya Max von Gruber, kisha mwaka 1898 akahamia idara ya kupasua maiti chini ya Anton Weichselbaum. Alikaa huko miaka kumi. Katika miaka hiyo alipasua maiti 3,639. Hebu fikiria, ndugu yangu, ni karibu maiti mmoja kila siku kwa miaka kumi mfululizo, na katikati ya kazi hiyo alipata nafasi ya kufanya utafiti wake mwenyewe. Kila nikilalamika kwamba vipindi vimebana, namba hiyo inanijia kichwani.

Ili tuelewe alichokipata, turudi nyuma kidogo. Watu walikuwa wamejaribu kuongezeana damu muda mrefu kabla yake. Mwaka 1667 huko Paris, daktari Jean-Baptiste Denis alimtia mtu damu ya mwanakondoo. Mmoja wa wagonjwa wake akafa, kesi ikafika mahakamani, na jambo hilo likapigwa marufuku. Mwanzoni mwa karne ya 19 daktari wa London, James Blundell, aliyechoka kuwaona akina mama wakifa kwa kuvuja damu baada ya kujifungua, alianza kuwapa damu ya binadamu. Baadhi waliinuka kitandani, na baadhi walitetemeka, wakapata homa, mkojo ukawa mweusi, wakafa. Hakuna aliyejua kwa nini. Ilikuwa bahati nasibu, na madaktari wengi waliona ni heri mgonjwa afe kwa kukosa damu kuliko kufa kwa damu waliyomtia wao.

Ilijulikana tayari kwamba damu ya mnyama ikichanganywa na ya binadamu huharibika. Wengi walidhani kwamba damu ya binadamu ikigandana na ya binadamu mwingine basi mmojawapo ni mgonjwa. Landsteiner akajiuliza swali jepesi sana: vipi kama wote wawili ni wazima? Akachukua damu yake mwenyewe na ya wenzake watano wa maabara. Kila damu akaitenganisha, chembe nyekundu upande mmoja na seramu, yale maji ya manjano, upande mwingine. Kisha akachanganya seramu ya kila mmoja na chembe za kila mmoja, akaandika matokeo katika jedwali dogo lenye alama za kujumlisha na kutoa. Hakuhitaji mashine yoyote ya ghali, ni vioo, matone na uvumilivu.

Jedwali lilionesha mpangilio. Seramu ya mtu haikugandisha chembe zake mwenyewe hata mara moja. Lakini seramu za baadhi ziligandisha chembe za wengine, na hawa nao wakagandisha za wale, kwa utaratibu usiobadilika. Mwaka 1901, katika makala fupi iliyochapishwa Vienna, aliwagawa watu katika makundi matatu: A, B na C. Hilo C ndilo tunaloliita O leo. Mwaka uliofuata wanafunzi wake wawili, Alfred von Decastello na Adriano Sturli, walipima watu wengi zaidi wakakuta kundi la nne, lililo adimu, ambalo sasa ni AB. Sturli huyo alikuwa mmoja wa wale watano waliotoa damu mara ya kwanza.

Maelezo yake ni haya. Juu ya chembe nyekundu kuna alama. Mwenye kundi A ana alama A, mwenye B ana alama B, AB anazo zote, na O hana hata moja kati ya hizo mbili. Ndani ya seramu kuna kingamwili dhidi ya alama ambayo mtu hana. Mimi wa kundi A nina kingamwili zinazopambana na B, kwa hiyo ukinitia damu ya B, mwili wangu utaishambulia kama unavyoshambulia vijidudu. Chembe zitashikamana na kupasuka, na figo zitazidiwa. Wale akina mama wa Blundell waliokufa, bila shaka baadhi yao waliuawa na vita vya namna hiyo.

Mtu angetarajia dunia ingeshangilia. Haikuwa hivyo. Makala ilipita karibu kimya kimya, ingawa mwishoni mwake alikuwa ametaja wazi kwamba jambo hili linaweza kueleza ajali za kuongezewa damu. Ilibidi mpaka mwaka 1907 ndipo Reuben Ottenberg, huko New York, apime damu ya mtoaji na mpokeaji kabla ya kuziunganisha. Hata hapo wengi hawakumfuata. Kizuizi kingine kilikuwa kwamba damu huganda ikitoka mwilini. Mwaka 1914 ilipogundulika kwamba chumvi ya sitrati huizuia isigande, na Vita Kuu ya Kwanza ikaleta majeruhi kwa maelfu, ndipo makundi ya Landsteiner yakawa jambo la kila hospitali. Kati ya makala na matumizi ilipita zaidi ya miaka kumi.

Yeye hakukaa kuyasubiri makofi. Mwaka 1904 pamoja na Julius Donath alieleza ugonjwa ambao mgonjwa akipigwa na baridi hukojoa damu. Walionesha kwamba ni kingamwili za mgonjwa mwenyewe zinazoshika chembe zake wakati wa baridi na kuzipasua mwili unapopata joto. Wazo kwamba mwili unaweza kujigeukia lilikuwa gumu kukubalika wakati huo, na leo tuna orodha ndefu ya magonjwa ya aina hiyo. Mwaka 1906, akiwa na Viktor Mucha, alionesha namna ya kuviona vijidudu vya kaswende vikiwa hai kwa hadubini yenye usuli wa giza.

Halafu ikaja polio. Mwaka 1908 alihamia hospitali ya Wilhelmina, Vienna, na huko aliletewa mwili wa mtoto wa kiume wa miaka tisa aliyekufa kwa ugonjwa wa kupooza. Pamoja na Erwin Popper alichukua sehemu ya uti wa mgongo wa mtoto huyo, akaisaga, akawadunga wanyama mbalimbali. Sungura na panya hawakupata kitu, lakini tumbili na nyani waliugua, na uti wao wa mgongo ukaharibika sawasawa na wa mtoto. Bakteria hawakuonekana. Vienna haikuwa na tumbili wa kutosha, hivyo akaendelea na kazi hiyo Paris, katika Taasisi ya Pasteur, pamoja na Constantin Levaditi, wakathibitisha kwamba kisababishi ni kidogo kiasi cha kupenya kwenye chujio linalozuia bakteria. Ni kirusi. Yale matone machungu tuliyodondoshewa mdomoni utotoni yana mzizi wake katika kazi ile.

Pamoja na yote hayo, mwaka 1911 chuo kilipompa cheo cha profesa, kilikuwa cheo bila mshahara. Alioa akiwa na miaka 48, mwaka 1916, bibi Helene Wlasto, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao pekee, Ernst Karl. Vita vilipokwisha Austria ilikuwa imevunjika, Vienna ina njaa, na hapakuwa na kuni wala maziwa. Mwaka 1919 akahamia Uholanzi, katika hospitali ndogo ya Kikatoliki mjini The Hague. Mtu aliyegundua makundi ya damu alikuwa sasa anapima mikojo ya wagonjwa ili familia yake ile. Hata hivyo hakuacha utafiti, na huko The Hague aliendeleza kazi aliyoithamini kuliko zote.

Kazi hiyo ni ya hapteni. Nitaieleza kwa ufupi, na wenzangu wa sayansi wanisamehe. Kuna vitu vidogo vya kemia ambavyo ukimdunga sungura peke yake, mwili wake hauvijali. Landsteiner alivigandisha juu ya protini kubwa kisha akadunga, na sungura akatengeneza kingamwili dhidi ya kile kitu kidogo hasa. Ukihamisha kipande kimoja cha kitu hicho kutoka upande huu kwenda upande ule, kingamwili zinatambua tofauti. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba vingi vya vitu hivyo havikuwahi kuwepo duniani kabla ya kutengenezwa maabara. Mwili wa sungura uliwezaje kuwa na silaha dhidi ya adui ambaye hajawahi kuumbwa? Swali hilo liliwasumbua wataalamu wa kinga kwa miongo kadhaa, na jibu lililokubalika lilipatikana baada ya yeye kufariki.

Mwaka 1923 Taasisi ya Rockefeller ya New York ilimpa maabara na mshahara. Alikuwa na miaka 54, umri ambao wengi wanafikiria kustaafu. Mwaka 1927, pamoja na Philip Levine, alipata alama nyingine za damu, M, N na P. Mwaka 1930 alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili ya makundi ya damu, karibu miaka thelathini baada ya ile makala. Inasemekana yeye mwenyewe aliona kwamba kama ni tuzo, ilistahili kwenda kwa hapteni.

Upande wa urithi nao ulikuwa umekomaa. Emil von Dungern na Ludwik Hirszfeld walionesha mwaka 1910 kwamba makundi haya hurithiwa, na mwaka 1924 mwanahisabati Felix Bernstein akaweka kanuni yake sawa: kila mtu hubeba nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, A na B zinaonekana daima, O hujificha mpaka zikutane mbili. Mahakama za Ulaya zikaanza kuitumia katika kesi za nasaba. Hapa sisi wa Masomo ya Kiislamu tuwe makini. Kundi la damu linaweza kusema fulani hawezi kuwa baba wa mtoto, lakini haliwezi kamwe kusema fulani ndiye baba, maana wenye kundi hilo ni mamilioni. Nimesikia mtu akitaka kumtaliki mkewe kwa sababu mtoto ana O na yeye ana A. Laiti angeuliza kabla ya kutamka! Baba wa A na mama wa A wanaweza kabisa kupata mtoto wa O, ikiwa kila mmoja amebeba O iliyojificha.

Na lile swali la foleni? Wanazuoni wamelijadili. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha Makka mwaka 1989, lilisema kuongezewa damu hakuleti uharamu wa ndoa, kwa kuwa uharamu huo umehusishwa na kunyonya tu. Ndugu yangu wa mwaka wa kwanza, tulia, na ukamuoe.

Hirszfeld huyo na mkewe Hanna, wakiwa Thessaloniki wakati wa vita, walipima takriban watu 8,000, wengi wao askari kutoka mataifa mengi, wakiwemo Waafrika na Wahindi. Kila taifa lilikuwa na makundi yote, kwa viwango tofauti. Mgonjwa wa A wa Ulaya angeweza kuokolewa na mtu wa A wa Senegali na kuuawa na damu ya B ya ndugu yake wa tumbo moja. Hata hivyo wapo waliojaribu kuyageuza makundi ya damu kuwa ngazi ya ubora wa watu, hasa Ujerumani ya wakati wa Hitler. Landsteiner aliishi na hofu ya zama zile. Mwaka 1937 alikwenda mahakamani New York kuzuia jina lake lisiingizwe katika kitabu cha Wayahudi mashuhuri wa Marekani, akisema litamdhuru yeye na mwanawe. Wengine wanamlaumu kwa hilo. Mimi naona ni rahisi kulaumu hofu ya mtu ukiwa umekaa mbali nayo.

Alistaafu rasmi mwaka 1939, lakini akaendelea kuja maabara. Mwaka 1940, akiwa na miaka 71, yeye na Alexander Wiener walitangaza jambo jipya. Walikuwa wamemdunga sungura chembe nyekundu za tumbili aina ya rhesus, na seramu ya sungura huyo ikagandisha damu ya takriban watu 85 kati ya 100 waliopimwa New York. Wakaiita alama hiyo Rh. Mwaka mmoja kabla, Levine na mwenzake Rufus Stetson walikuwa wamemwandika mama aliyejifungua mtoto mfu, kisha akaongezewa damu ya mumewe ya kundi lilelile na bado mwili wake ukaikataa. Levine akaunganisha mambo. Mama akiwa hana Rh na mtoto anayo kutoka kwa baba, damu ya mtoto humpenya mama wakati wa kujifungua, mama hutengeneza kingamwili, na mimba inayofuata ndiyo inayoshambuliwa. Mtoto wa kwanza mzima, wa pili anazaliwa na manjano au amekufa, wa tatu vivyo hivyo.

Ni wanawake wangapi walioachwa kwa jambo hili, au kupelekwa kwa waganga watolewe majini? Tangu mwaka 1968 ipo sindano anayopewa mama asiye na Rh, ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, na mtoto anayefuata anasalimika. Wasio na Rh kwetu Afrika ni wachache kuliko Ulaya, na ndiyo maana husahaulika. Dada zangu, ulizeni kadi zenu kabla ya ndoa.

Baadaye iligundulika kwamba ile kingamwili ya sungura ilikuwa inashika alama nyingine iliyo jirani na Rh, si Rh yenyewe. Jina la Rh lilikuwa limeshaenea, hivyo alama ile ya jirani ikapewa jina LW, Landsteiner na Wiener.

Mwaka 1942 bado alikuwa anachapisha. Yeye na Merrill Chase walionesha kwamba aina fulani ya mzio wa ngozi inahamishika kutoka simbilisi mmoja kwenda mwingine kwa kuhamisha seli zenyewe, wakati seramu haihamishi kitu. Huo ulikuwa mlango wa nusu nzima ya elimu ya kinga, mlango ambao mzee wa miaka 74 aliufungua bila kupata muda wa kuingia.

Tarehe 24 Juni 1943 alipatwa na maumivu ya moyo akiwa maabara, pipeti mkononi. Alifariki siku mbili baadaye katika hospitali ya taasisi hiyohiyo. Helene alikuwa anaugua saratani ya tezi ya shingo, na katika miaka yake ya mwisho mumewe alikuwa amegeukia kusoma habari za saratani, akitafuta chochote cha kumsaidia. Alimfuata mumewe Desemba mwaka huohuo. Wamezikwa kisiwa cha Nantucket, Marekani.

Siku aliyozaliwa, 14 Juni, tangu mwaka 2004 ndiyo Siku ya Wachangia Damu Duniani. Mwaka huu gari la damu litarudi chuoni wiki hiyo. Wenye uzito chini ya kilo 50, na walioumwa malaria karibuni, wangoje zamu nyingine. Wengine tukutane kwenye foleni baada ya swala ya adhuhuri, na mje mmekula.